Ku- Moja, "To" Mbili: Kiingereza Kilivyoingia Masaku

Mwaka 1991, mwezi wa Julai, nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha tatu katika shule moja ya wasichana chini ya vilima vya Iveti. Aliyewahi kuishi Machakos anaujua upepo wa Julai. Unashuka kutoka vilimani, unaingia kwa dirisha lisilo na kioo, na wanafunzi wanaandika huku mkono mmoja umefichwa ndani ya sweta. Ubaoni nilikuwa nimenakili sentensi kutoka barua ambayo mwanafunzi mmoja alimwandikia mzazi wake: "I am looking forward to see you on visiting day." Nikaikata "see" kwa chaki nyekundu, nikaandika "seeing" juu yake.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. "Madam, 'to' si hufuatwa na kitenzi kitupu? Wewe mwenyewe ulitufundisha 'I want to see'. Sasa hii 'to' nyingine ina nini?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi zamani: Waingereza ndivyo wanavyosema, likariri. Akaketi, akaandika nilichoandika. Nilikuwa na shahada na miaka minane ya kufundisha, na swali la mtoto wa miaka kumi na saba lilikuwa limenishinda. Tangu siku hiyo sijawahi kulisahau. Jibu lake nimelipata polepole, nusu katika sarufi na nusu katika historia ya mji huu, na ndilo ninaloliandika hapa.

Historia yenyewe inaanzia kwenye jina. Sisi wenyeji bado tunasema Masaku, jina la mwonaji na kiongozi wa Akamba aliyeishi hapa. Machakos ni Masaku lilivyosikika katika masikio ya wageni. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake hapa mwaka 1889, na mwaka 1892 John Ainsworth akaja kukisimamia. Kwa muda, huu ndio uliokuwa mji wa utawala wa bara, hadi reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na makao ya mkoa yakahamishiwa huko.

Mtu angedhani kwamba mahali palipokaa Waingereza mapema hivyo, Kiingereza nacho kilianza mapema. Haikuwa hivyo. Maafisa waliwatawala watu kwa Kiswahili, lugha waliyokuja nayo pamoja na wapagazi na askari wao kutoka pwani. Wamisionari nao walihubiri kwa Kikamba. Ludwig Krapf alikuwa amechapisha Injili ya Marko kwa Kikamba tangu mwaka 1850. African Inland Mission, waliofika Nzaui mwaka 1895 wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walifuata njia hiyohiyo, na Agano Jipya lote kwa Kikamba likatoka mwaka 1920. Shule ya serikali ya Machakos ilianza mwaka 1915, lakini Kiingereza kiliwafikia wachache tu. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924 ilishauri kwamba watoto waanze masomo kwa lugha ya nyumbani. Kielimu ushauri huo ulikuwa wa maana. Lakini mzazi wa wakati ule aliangalia ni nani anapata kazi ya ukarani, akaona kwamba mlango wa kazi hiyo una kufuli ya Kiingereza, na kwamba mtoto wake hapewi ufunguo.

Kiingereza kilichotufikia kwanza, basi, kilikuwa cha ofisini, kile cha barua za bwana DC, mkuu wa wilaya, na cha risiti za kodi. Katika Kiingereza hicho mtu haendelei na kazi kwa kusema "carry on", husema "proceed". Haahirishi kwa "put off", bali kwa "postpone". Haachi kwa "give up", bali kwa "abandon". Ni maneno mazito yaliyotoka Kilatini au Kifaransa, na kila moja linasimama peke yake. Yale mengine, ya kitenzi kifupi na kijineno kinachofuata nyuma, Mzungu aliyaweka kwa ajili ya nyumba yake, akizungumza na mkewe na watoto na mbwa wake. Karani hakuandikiwa hayo. Mpaka leo Kiingereza chetu kina harufu ya ile ofisi: abiria wa Kenya haambiwi ashuke kwa "get off", anaambiwa "alight".

Kulikuwa na mlango wa pili, nao ulikuwa kambi ya jeshi.

Babu yangu mzaa baba hakukaa darasani hata siku moja. Alijiunga na King's African Rifles, jeshi lililojaa vijana wa Ukambani, na mwaka 1944 akawa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa. Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili chake cha kijeshi hakikumtoka hadi alipofariki. Lakini alirudi pia na vipande vya Kiingereza alivyovichukua kwa sikio: "folini" ya kupanga foleni, "folauti" ya kutawanyika, na "kare-oni", aliyoipenda kuliko zote. Tukiwa tumeketi uani Mutituni tunapukuchua mahindi, mmoja wetu akilegea, babu aliita kutoka kitini pake, "Kare-oni!" Na jioni moja alinikuta nimefunga kitabu kwa sababu ya moshi wa koroboi, akaniambia kwa ile lugha yake iliyochanganya dunia nzima, "Kare-oni kũsoma."

Nilikuwa mtoto, sikuona chochote katika maneno hayo zaidi ya amri. Nitayarudia baadaye.

Kwa sikio vilevile walijifunza wachongaji wa Wamunyu. Mutisya Munge wa huko alijifunza uchongaji Tanganyika alipokuwa jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao nyumbani, na kijiji kikageuka kuwa kiwanda cha vinyago. Waliopeleka vinyago kwa watalii walijifunza Kiingereza kwenye meza ya biashara. Nimewasikia wengi. Sarufi ya mtihani hawana, lakini vile vijineno vya nyuma, "up" na "off" na "on", wanaviweka mahali pake kwa urahisi ambao wanafunzi wangu wa alama ya B hawakuwa nao.

Sisi wengine tuliyapokea maneno hayo yakiwa yamegandishwa. Gari la kubebea maembe kutoka Mwala tunaliita pikapu. Mgonjwa anakwenda kufanyiwa chekapu. Bondia anapigwa nokauti. Mwalimu mkuu anayehama anafanya hendiova. Watanzania wanamwaga bi harusi kwa sendofu. Kila mojawapo ya hayo lilikuwa kitenzi na kijineno chake, na yote yalivuka mpaka yakiwa majina, maana jina ni rahisi kulibeba. Tulipojaribu kuyatumia kama vitenzi tulipata shida, na shida yenyewe ina mpangilio. Mkenya anasema "pick me at Kyumbi", akiacha "up" njiani, halafu anasema "I cannot cope up with this work", akiiweka "up" pasipo na nafasi yake. Nimekata makosa hayo mawili kwa wino mwekundu mara zisizohesabika, na leo najuta kwamba niliyakata bila kuyasoma.

La kwanza linatokana na umbo la lugha zetu. Kiswahili kinaweka mwelekeo wa tendo ndani ya kitenzi chenyewe: funga, fungua, panda, pandisha, shuka, shusha, chomeka, chomoa. Kikamba nacho kinafanya hivyo kwa viambishi vyake. Anayelelewa na lugha hizo hana mazoea ya kutafuta kijineno nje ya kitenzi, kwa hiyo "pick" peke yake inamtosha kama "chukua" inavyotosha. La pili linatokana na akili inayofananisha. Kama kuna "catch up with", "keep up with" na "put up with", kwa nini isiwepo "cope up with"? Aliyeibuni hakuwa mvivu. Alikuwa ameona kanuni, akaitumia.

Nije sasa kwenye shule, mahali ambapo nadhani jambo lenyewe liliharibika.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1965. Mwaka 1957 kilikuwa kimeanzishwa Nairobi kituo kilichoitwa Special Centre, na huko ndiko kulikotoka ule mfumo wa New Primary Approach, wa kumfundisha mtoto masomo yote kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Baada ya uhuru Tume ya Ominde, mwaka 1964, iliuunga mkono, na vitabu vya Peak vikaenea. Njia ya mfumo huo ilikuwa ya kusema na kutenda kabla ya kuandika. Mwalimu wetu alikwenda mlangoni, akashika komeo, akasema, "I am opening the door." Nasi tukaitikia. Akaufunga: "I am closing the door." Nasi tukaitikia. Kisha mmoja mmoja tukaenda kufungua na kufunga mlango uleule, hadi komeo likalegea.

Ilikuwa njia nzuri ya kuufungua mdomo wa mtoto, na siwezi kuidharau, kwa kuwa bila hiyo nisingekuwa mwalimu. Lakini tazama kilichopandwa. Kwetu, "-ing" ikawa tendo linalotendeka sasa hivi, mbele ya macho, mkono ukiwa kwenye komeo. "I am opening" ni "ninafungua". Kwa hiyo "-ing" ni "-na-". Muda si mrefu tukafundishwa "I want to open", yaani "nataka kufungua", tukajiwekea kwamba "to" ni "ku-". Hakuna aliyetuambia hivyo kwa maneno, kwa sababu kutafsiri kulikatazwa. Tulijiambia wenyewe kimyakimya, kila mtoto kichwani mwake.

Tena katazo hilo lilikuwa na meno. Shule niliyosoma ilikuwa na disk, kibao cha mti chenye kitundu na kamba ya katani. Aliyeteleza akasema Kikamba alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, naye akamvisha. Jioni kengele ikilia, aliyebaki nacho na wote waliokuwa wamekivaa walichapwa. Nilikivaa mara nyingi. Mara moja nilikivaa kwa kumuuliza mwenzangu, kwa Kikamba, neno fulani la Kiingereza maana yake ni nini. Nilichapwa kwa kutaka kukielewa Kiingereza. Desturi hii haikuwa ya Ukambani peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika juu ya adhabu ya namna hiyo huko Limuru, katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986. Uchungu wa viboko ulikwisha jioni ileile. Hasara iliyobaki ni kwamba lugha pekee iliyoweza kutufafanulia Kiingereza ilifungiwa nje ya lango la shule.

Hivyo tukafika kidato cha tatu na mizigo miwili: "-ing" ni "-na-", na "to" ni "ku-". Ndipo inapokuja "looking forward to seeing", sentensi inayoibomoa mizigo yote miwili kwa pigo moja. "Seeing" haitendeki sasa hivi, maana siku ya wazazi bado ni wiki tatu. Na hiyo "to" haikifungulii njia kitenzi kitupu.

Nilikwenda kwenye kamusi. Tulikuwa na nakala moja ya kamusi ya A. S. Hornby katika chumba cha walimu, jalada lake limeshikwa kwa utepe. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, na kamusi yake ilichapwa Tokyo mwaka 1942 kwa ajili ya watu kama sisi, watu wanaokijia Kiingereza kutoka nje. Ndani yake aliorodhesha ruwaza za vitenzi, kipi kinafuatwa na "to", kipi kinafuatwa na "-ing". Ilinisaidia sana kujua lipi ni sahihi, ila kwa nini ni sahihi, haikusema. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, alikwisha kukiri kwamba vitenzi hivi vyenye vijineno ndivyo vinavyowatesa wageni zaidi. Hata jina la kuviita vyote pamoja, "phrasal verbs", lilienea baada ya Logan Pearsall Smith kulitumia kitabuni mwaka 1925.

Na "-ing" yenyewe, nilikuja kusoma, zamani ilikuwa viambishi viwili. Kiingereza cha kale kilikuwa na "-ung" au "-ing" ya kutengeneza majina kutokana na vitenzi, na "-ende" ya kuonyesha mtu akiwa katika kutenda. Karne zikapita, sauti zikakaribiana, viwili vikawa kimoja. Umbo ni moja, kazi zimebaki mbili. Tuliyokutana nayo mlangoni na komeo ilikuwa mtoto wa "-ende". Ile ya "looking forward to seeing" ni nyingine kabisa.

Aliyenifungua macho hakuwa mwalimu wa Kiingereza. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, na kwa sababu hiyo shule yetu ikaletewa mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Lamu, mtu mpole aliyevaa kofia ya viua hata katika baridi ya Julai. Siku moja, katikati ya muhula, alikuwa akisahihisha madaftari kando yangu, akasoma kwa sauti, "Kuimba kwao kulitufurahisha." Akaweka alama ya vema.

Nikamuuliza, "Mwalimu, hiyo 'kuimba' ni kitenzi au ni jina?"

"Dada yangu," akasema, "hilo ni kitenzi-jina, ngeli ya KU. Huoni limechukua 'kwao' na 'kulitufurahisha'? Ku- hii ni kitenzi na ni jina. Sisi hatukupewa mbili."

Nikaweka kalamu chini. Kiswahili kina ku- moja inayofanya kazi mbili. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: upande wa kitenzi kimeupa "to", upande wa jina kimeupa "-ing". Kikamba nacho kina kũ- moja. Mwanafunzi wa Machakos anayeandika "looking forward to see" hakukosa akili. Ameifuata ku- yake, na "to" iliyosimama pale kwa bahati mbaya inafanana nayo kwa sura. Kumbe ile "to" si ya kitenzi hata kidogo. Ni kihusishi, ndugu wa "from" na "at", na kihusishi hutaka jina.

Na babu yangu? "Kare-oni kũsoma." Mtu asiyejua kusoma wala kuandika alikuwa ameweka kũ- mahali palepale Mwingereza anapoweka "-ing". "Carry on reading." Hakuweka "to". Hakufundishwa "to", basi haikumdanganya.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kufundisha. Niliwapa wasichana wangu kipimo kimoja: ondoa kitenzi, weka jina, uone kama sentensi inakaa. "Natazamia kukuona." Weka sikukuu: "natazamia sikukuu." Imekaa, kwa Kiingereza nayo, "looking forward to Christmas", imekaa. Basi kitenzi kitakachorudi pale kivae "-ing". "Nataka kwenda": jaribu "I want to Christmas", inavunjika. Hapo ni kitenzi kitupu. Wakakijaribu kwenye "give up smoking", kwenye "put off marrying". Kila mahali jina lilipokaa, "-ing" ilikaa. Wakakutana na "set out to" na "turn out to", kipimo kikakataa jina, nao wakajua wenyewe kwamba huko ni kitenzi kitupu.

Mfano walioupenda zaidi ulitoka kwenye maisha yangu. "She went on teaching": aliendelea kufundisha, alikuwa mwalimu na hakuacha. "She went on to teach": alianza na mengine, hatimaye akawa mwalimu. Kiingereza kimetofautisha maisha mawili kwa mkia wa neno. Kiswahili kinayatofautisha kwa kuchagua kitenzi kingine. Vivyo hivyo "I used to walk to school", nilikuwa nikienda shule kwa miguu, na "I am used to walking", nimezoea kutembea. Wasichana waliotoka Kathiani na Mua kwa miguu kila Jumatatu walijua tofauti ya sentensi hizo mbili kwa nyayo zao kabla ya kuijua kwa sarufi.

Mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari, ulioanza mwaka 1989, huuliza vitenzi hivi, na watahiniwa bado wanavikariri kwa orodha ndefu, usiku wa kuamkia mtihani. Nimestaafu, lakini wajukuu wananiletea orodha hizo. Hakuna ku- hata moja ndani yake. Disk imeondoka katika shule nyingi, lakini woga ulioachwa nayo bado umo darasani. Bado kuna mwalimu wa Kiingereza anayeona aibu kuandika neno la Kiswahili ubaoni, kana kwamba anaiba.

Yule msichana alimaliza shule kabla sijapata jibu lake. Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaofundisha sasa, Mwala na Yatta, Masinga na Kangundo: siku mtoto atakapouliza hiyo "to" ina nini, usimwambie akariri. Mwandikie ubaoni "natazamia kukuona". Kisha futa "kukuona", uandike "sikukuu", umwachie chaki.